Laini ya Nje: Nani Apewe, Apige Wapi

Kila ofisi yenye mtambo wa simu ina orodha ambayo hakuna anayeisoma mpaka bili ije. Orodha yenyewe haijabandikwa ukutani. Imo ndani ya mtambo, na kazi yake ni kuamua simu ya meza hii inaruhusiwa kupiga wapi, na ikipiga ipitie laini gani. Fundi huiandika siku ya kufunga mtambo, aghalabu jioni gari likimsubiri nje, nayo ikabaki vilevile miaka nenda miaka rudi. Idara ya utawala huamini kwamba hilo ni jambo la fundi. Fundi huamini kwamba alitekeleza maagizo ya utawala. Aliyeamua hasa ni kiwanda kilichotengeneza mtambo, nacho hakijawahi kufika Garissa.

Dadaab panafaa kwa kulitazama jambo hili, kwa sababu makosa ambayo Nairobi yangekuwa kero tu, huko yana uzito mwingine. Mji huo uko kiasi cha kilomita 100 kutoka Garissa na takriban 80 kutoka mpaka wa Somalia. Kambi ya wakimbizi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, Dagahaley na Hagadera zikafuata 1992, na tangu hapo UNHCR na WFP, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya wakimbizi na ya chakula, pamoja na mengine kadha wa kadha yameendesha ofisi zenye ua, lindo, jenereta na chumba cha mitambo. Mara nyingine mtambo ndio unaopata kiyoyozi kabla ya watu. Simu zinazotoka katika ofisi hizo huelekea pande ambazo ofisi ya kawaida haizikutanishi: makao makuu Nairobi na Geneva, vituo vya ndani ya kambi, simu za mkononi za wakimbizi, ofisi zilizo ng'ambo ya mpaka, polisi, hospitali. Mpango wa ruhusa ulionakiliwa kutoka Nairobi utafanya kazi huko vizuri sana, isipokuwa kwa wale wanaopaswa kupiga simu.

Wazo la kumzuia mtu kupiga nje ni la zamani kuliko kompyuta. Simu za kuzungusha zilitiwa kufuli dogo kwenye kisahani cha nambari, kidole kisiweze kukizungusha, na ufunguo ukakaa kwa karani mkuu. Mfumo huo ulikuwa na kasoro moja. Simu zile zilituma nambari kwa kukata na kurudisha umeme wa laini, mara tatu kwa 3, mara kumi kwa 0. Na kile kitufe kinacholaliwa na mkonga hukata umeme uleule. Aliyejua kukigonga kwa mpigo ulio sawa alipiga alikotaka bila kugusa kisahani. Kufuli lilimzuia asiyejua, ambaye kwa kawaida ndiye asiyekuwa na mtu wa kumpigia mbali.

Mtambo wa leo hufanya kazi ya kufuli kwa kusoma tarakimu. Una simu za ndani, yaani ekstensheni, kila moja ikiwa na nambari yake fupi. Una laini za nje, ambazo zaweza kuwa nyaya za kampuni ya simu, njia ya intaneti au kisanduku chenye laini za simu za mkononi ndani yake. Kati ya hizo mbili kuna daraja la ruhusa, ambalo kila ekstensheni hupewa. Mtu akibonyeza nambari, mtambo huilinganisha na mifano iliyoandikwa katika daraja lake: ikianza na tarakimu hizi na kuwa na urefu huu, ipite kwenye laini ile, isipofanana na chochote, ikatwe. Mitambo mingi ya zamani ilifuata njia ya kinyume, kila kitu kikiwa wazi mpaka kizuiwe. Asterisk, programu ya bure ambayo Mark Spencer alianza kuiandika Marekani mwaka 1999 na ambayo imeenea katika ofisi zisizo na fedha za mitambo ya bei, humweka kila mpigaji katika uga wake wa nambari. Nambari isiyokuwepo ugani humo, kwake ni kama haipo duniani. Tofauti ya njia hizo mbili ni kubwa. Anayeorodhesha yanayokatazwa hana budi kuyajua yote. Anayeorodhesha yanayoruhusiwa anahitaji kuijua kazi yake tu.

Mpangilio wa nambari za Kenya unaonyesha jinsi orodha ya makatazo inavyovuja. Msimamizi anayetaka kuzuia simu za nje ya nchi huanza na 000, ambayo ndiyo hufungua njia ya kimataifa kutoka Kenya, na hapo huona amemaliza. Lakini nchi za Afrika Mashariki zina milango yao ya kando: kutoka Kenya, Tanzania hufikiwa kwa 007 na Uganda kwa 006, bila kupitia 000 hata kidogo. Ikiwa laini ya nje ni ya simu ya mkononi, kuna pia alama ya kujumlisha, ambayo simu ya mezani ya kawaida haina lakini simu ya kwenye kompyuta inayo. Hiyo ni milango minne mahali ambapo msimamizi alihesabu mmoja.

Upande wa pili wa kosa ni kuzuia kisichopaswa kuzuiwa. Kwa miaka mingi, simu ya mkononi nchini Kenya ilimaanisha nambari inayoanza na 07, na mitambo ikafundishwa hivyo. Mwaka 2019 nafasi za 07 zilipokaribia kwisha, Mamlaka ya Mawasiliano ilifungua 010 na 011. Mtambo ambao hakuna aliyeufungua tangu siku ya kufungwa haukupata habari hizo. Mbaya zaidi, 011 ilikuwa msimbo wa Mombasa kabla mji huo haujahamishiwa 041 mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo mtambo mkongwe wa kutosha utamchukulia mteja mpya kuwa ni simu ya mkoani Pwani, utaikadiria simu kwa msingi huo, kisha utaikata. Mteja ataambiwa kwamba mtandao wa Dadaab ni mbaya, jambo ambalo kwa bahati mbaya huaminika kirahisi.

Hayo ni makosa ya tarakimu, na fundi makini atayarekebisha kwa saa moja. Kosa lililo gumu zaidi limo katika ngazi yenyewe. Madaraja ya kawaida ni manne: simu za ndani pekee, ndani na mjini, nchi nzima na simu za mkononi, na kimataifa. Msafishaji na mlinzi hupewa la kwanza, karani la pili, ofisa la tatu, mkuu wa ofisi la nne. Ngazi hiyo ilikuwa na mantiki enzi za Shirika la Posta na Simu la Kenya, ambalo majukumu yake yaligawanywa mwaka 1999 kati ya Telkom Kenya, Posta na tume ya kusimamia mawasiliano. Enzi hizo bei ilipanda kwa umbali, na kwa kuwa mamlaka ofisini pia hupanda, mtu angeweza kuzilaza ngazi mbili pamoja zikalingana. Siku hizi anayepiga simu ya mkononi iliyoko Hagadera na anayepiga iliyoko Kisumu hulipa sawa. Umbali umeondoka kwenye bei. Ngazi imebaki, kwa kuwa ilikuwa imeshashikamana na heshima.

Dadaab huifanya ngazi hiyo ionekane ilivyo. Liboi, mji wa mpakani, ni simu ya ndani ya nchi. Dhobley, mji wa kwanza upande wa Somalia kwenye barabara hiyohiyo, ni simu ya kimataifa, daraja la nne, la mkuu wa ofisi. Novemba 2013, Kenya, Somalia na UNHCR zilitia saini makubaliano ya pande tatu kuhusu wakimbizi kurejea kwa hiari, na misafara ya kwanza ikaanza Desemba 2014. Kuanzia hapo, kuuliza barabara ya Kismayo iko vipi, nani atapokea basi, mgonjwa atapelekwa hospitali gani, ikawa kazi ya kila siku ya maofisa wa ngazi ya kati, na majibu yote yalikaa nyuma ya +252, msimbo wa Somalia. Ofisi iliyopanga ruhusa kwa cheo ilikuwa na mtu mmoja mwenye haki ya kupiga Somalia, na mtu huyo alikuwa kwenye mkutano.

Hali ni hiyohiyo kwa simu za mkononi. Mwaka 2016 WFP ilileta Dadaab mpango wa Bamba Chakula, ambao ulituma sehemu ya mgao wa chakula kama fedha za vocha kupitia laini za Safaricom. Familia ikapata nambari, na nambari hiyo ikawa anwani yake katika makazi ambayo hayana majina ya barabara. Ofisi inayotaka kumwambia mama wa Ifo kwamba karatasi zake ziko tayari haina njia iliyo fupi zaidi ya simu. Mwenye kumpigia, kwa kawaida, ni mfanyakazi wa posho: mkimbizi mwenyewe, anayelipwa kiasi kidogo kuliko mwajiriwa Mkenya, na ndiye anayejua Kisomali, koo na mitaa. Kwa mizani ya cheo yuko chini ya karani. Basi mtambo humpa simu za ndani pekee, yeye hutoa simu yake mfukoni, hununua muda wa maongezi kwa fedha zake, na shirika huandika katika ripoti ya mwaka kwamba gharama za mawasiliano zimepungua.

Wakimbizi wenyewe hawakuwahi kusubiri daraja la mtu. Kabla mitandao ya simu za mkononi haijafika kambini, walizungumza na jamaa zao kwa taar, redio za mawimbi mafupi zilizoendeshwa na wafanyabiashara, ambapo mtu huitwa, hukaa kwa zamu, kisha huzungumza huku waliopo wakisikia. Serikali haikuzihalalisha. Cindy Horst, mtafiti aliyefanya utafiti kambini na kuchapisha kitabu chake mwaka 2006, aliandika kwa urefu jinsi taar na hawala za kutuma fedha zilivyobebana: fedha haiwezi kusafiri bila habari kutangulia. Sera ya simu inayosahau kwamba watu watapata njia nyingine huwa imepanga gharama ya njia hiyo, na imeamua bila kusema nani ataibeba.

Mpango unaofuata kazi hauhitaji madaraja mengi, ila huanzia kwenye swali tofauti. Badala ya kuuliza mtu huyu ni nani, huuliza meza hii hupiga kwa nani. Meza ya wanaoshughulikia kurejea kwa hiari hupewa Kenya yote pamoja na +252, na haipewi nchi nyingine yoyote. Meza ya ulinzi wa watoto hupewa simu za mkononi zote na nambari fupi za msaada. Mhasibu hupewa Kenya na makao makuu. Ukiipitia ofisi nzima hivyo, hugundulika kwamba hakuna meza hata moja inayohitaji dunia nzima, ikiwemo ya mkuu. Hapo ndipo mazungumzo hupoa kidogo. Daraja lisilo na mipaka ni kama kiti kikubwa: halitumiki lote, lakini kulipunguza kunahitaji kikao.

Kwa kweli, simu ya mkuu ndiyo inayofaa kubanwa kwanza, na sababu ni wizi. Mitambo inayotumia njia ya intaneti hupekuliwa usiku na mchana na programu zinazojaribu nywila. Ekstensheni 100 yenye nywila 100 hupatikana kwa dakika. Mwizi hapendi kuzungumza na mtu. Hupiga nambari za nchi za mbali ambazo kila dakika yake hutozwa bei ya juu, na mwenye nambari hizo hugawana mapato na aliyeleta simu. Kadiri simu zinavyokuwa nyingi na ndefu, ndivyo wawili hao wanavyopata zaidi, na bili huja kwa mwenye mtambo. Kazi hiyo hufanywa usiku, mwisho wa wiki au sikukuu, wakati hakuna anayetazama. Ekstensheni iliyofungiwa Kenya pekee humpa mwizi kidogo sana hata akiipata. Ekstensheni iliyofunguliwa dunia nzima kwa ajili ya heshima humpa kila kitu, na mara nyingi nywila yake ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia mkuu abadilishe.

Kinga zake zinajulikana. Nywila ndefu ambayo mtu hakuichagua mwenyewe. Kikomo cha simu ngapi zaweza kutoka kwa wakati mmoja kwenye ekstensheni moja: mbili zatosha, kwa kuwa binadamu ana mdomo mmoja. Ratiba ya saa, ili njia ya kimataifa ijifunge ofisi inapofungwa. Iliyo bora kuliko zote, na ambayo Wakenya waliizoea kabla ya wahandisi wa usalama, ni malipo ya kabla: laini yenye salio la shilingi 3,000 haiwezi kuibiwa shilingi 300,000. Mashirika yanayojivunia akaunti za kulipa mwisho wa mwezi yamenunua fursa ya kujua hasara yao mwisho wa mwezi.

Kuna vichochoro viwili ambavyo hata mpango mzuri huvisahau, navyo ni kuhamisha simu na kuielekeza kwingine. Mtu asiye na ruhusa humpigia mwenzake mwenye ruhusa, naye humhamishia nje. Mtambo ukiangalia daraja la aliyehamisha pekee, simu imepita. Vilevile ekstensheni ikielekezwa kwenye nambari ya nje, kila anayeipiga kutoka popote hupelekwa huko kwa gharama ya ofisi. Fundi anapaswa kujua mtambo wake hukagua daraja la nani katika hali hizo, na kujua kwa kujaribu, kwa sababu vitabu vya maelekezo huwa na matumaini.

Ruhusa ya meza ina tatizo lingine, nalo linahusu jinsi watu wanavyoishi Dadaab. Wafanyakazi huenda mapumziko kwa zamu baada ya wiki kadhaa kambini, mwingine hushika meza, wa tatu huletwa kwa mkataba wa miezi mitatu. Baada ya mwaka, ekstensheni ya mtu wa maji inatumiwa na mtu wa shule. Dawa ya kawaida ni nambari ya siri ya kila mtu: hubonyezwa kabla ya simu ya nje, mtambo hujua ni nani, na ruhusa humfuata mtu badala ya kiti. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yameitumia njia hiyo muda mrefu ili kutenganisha simu za kazi na za binafsi, mfanyakazi akilipia zake. Inafaa, mradi nambari isiandikwe kwenye karatasi chini ya mkonga, ambako ndiko huandikwa. Anayeondoka kabisa afutwe siku hiyo. Orodha ya nambari za siri za watu walioacha kazi ni zawadi isiyo na kadi.

Kuna simu za bei ya juu ambazo hazipaswi kuzuiwa kwa pupa. Nambari za setilaiti ndizo mfano. Thuraya huanza na +88216, Iridium na +8816, Inmarsat na +870, na kuzipigia kutoka simu ya kawaida ni ghali mno, hivyo kila orodha ya usalama inayotolewa na kampuni za mitambo hushauri zifungwe. Ushauri huo ni sahihi kwa ofisi ya Mombasa. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, nguzo za mitandao ya simu zimeshambuliwa na al-Shabaab zaidi ya mara moja, na nguzo ikianguka, eneo zima hunyamaza. Dereva aliye njiani na simu ya setilaiti hapo ndiye pekee anayeweza kupatikana, na mtambo wa ofisi yake umefundishwa kutompigia. Oktoba 2011 wafanyakazi wawili wa shirika la Médecins Sans Frontières walitekwa nyara kambini Dadaab. Katika saa kama zile hakuna anayetaka kumtafuta fundi afungue njia ya setilaiti.

Jawabu limo katika kanuni ndogo ya mitambo: mfano mrefu hushinda mfupi. Mtambo ukiwa na sheria mbili zinazolingana na nambari moja, hufuata ile iliyo bayana zaidi. Kwa hiyo +88216 hufungwa yote, kisha nambari kamili za simu tano za setilaiti za shirika lenyewe huandikwa moja moja na kuruhusiwa kwa kila ekstensheni. Mwizi hazihitaji nambari hizo tano, hazimpi mapato. Mitambo mingine hufuata mpangilio wa mistari na kuchukua sheria ya kwanza inayofanana, na huko ruhusa hizo tano lazima zitangulie katazo. Msimamizi asiyejua wake ni wa aina gani bado hajamaliza kuufunga.

Nambari za dharura zina mtego wake. Ofisi nyingi humtaka mtu abonyeze 9 kwanza ili apate laini ya nje. Nchini Kenya, nambari ya polisi ni 999. Anayebonyeza 999 kwa hofu ametumia 9 ya kwanza kutoka nje, na mtambo unabaki na 99, ambayo si nambari ya mtu. Alipaswa kubonyeza 9999, jambo ambalo atalikumbuka kesho yake. Nambari ya pili ya dharura ni 112, na mitambo midogo hupenda kuanza ekstensheni zake na 100. Katika ofisi kama hiyo, 112 ni ya mtunza stoo. Simu ya msaada kwa watoto, 116, inaweza kuwa ya dobi. Nambari ya kuripoti ukatili wa kijinsia, 1195, itakatwa kwa sababu haifanani na mfano wowote wa tarakimu kumi. Hizi zote ni nambari ambazo ofisi ya Dadaab huwapa wakimbizi kwenye mabango, na baadhi ya ofisi zenyewe haziwezi kuzipiga.

Marekani walijifunza somo hili kwa gharama isiyokubalika. Desemba 2013, Kari Hunt aliuawa katika chumba cha hoteli mjini Marshall, Texas. Binti yake wa miaka 9 alijaribu 911 mara nne. Mtambo wa hoteli ulitaka 9 kwanza, na hakuna aliyemfundisha. Sheria yenye jina la mama huyo ilitiwa saini Februari 2018, na tangu Februari 2020 mitambo mipya nchini humo lazima iruhusu 911 ipigwe moja kwa moja. Kwa fundi, marekebisho yenyewe ni mstari mmoja au miwili.

Mtambo unaogawa ruhusa huandika pia kila simu: nani alipiga, wapi, saa ngapi, dakika ngapi. Kumbukumbu hizo ndizo huwezesha bili kukaguliwa na wizi kugundulika mapema, na ni hoja nzuri ya kuwa nazo. Lakini ofisi inayohudumia walionusurika ukatili, au waliokimbia kundi lenye silaha, huwa pia imetunza orodha ya nambari zao pamoja na saa walizopigiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haitofautishi kumbukumbu za mtambo na faili za kabatini. Zote ni taarifa za watu. Faili za kabatini zina ufunguo na mtu wa kuutunza. Kumbukumbu za simu huwa wazi kwa kila aliyewahi kuambiwa nywila ya msimamizi, kuanzia fundi wa kwanza. Zitunzwe kwa muda unaotosha kukagua bili, zisomwe na watu wanaojulikana kwa majina, kisha zifutwe.

Baadhi ya simu, hatimaye, hazihitaji kutoka nje hata kidogo. Kwa miaka mingi kila shirika Dadaab lilikuwa na sahani yake ya setilaiti, na ujumbe kutoka ua mmoja kwenda ua wa jirani ulipanda angani na kushukia bara lingine kabla ya kurudi ng'ambo ya ukuta. Mwaka 2011, watu walipokuwa wakiingia kambini kwa maelfu kutokana na ukame na vita, mashirika ya NetHope na Inveneo pamoja na kampuni ya Cisco yalianza kuunganisha ofisi hizo kwa redio za masafa ya juu. Mitambo miwili ikishaonana kwa njia kama hiyo, simu ya jirani huwa ya ndani, haina bei, na haifai kuwekwa daraja lolote ila la wote. Ajabu ni jinsi ofisi zilivyo nyepesi kuzuia simu hiyo pia, kwa kuwa inakwenda kwa shirika lingine.

Anayetaka kujua kama mpango wake wa ruhusa unafaa asianzie kwa mkuu wa ofisi wala kwa mhasibu. Aende kwenye kibanda cha lindo. Simu ya getini ndiyo yenye daraja la chini kuliko zote, simu za ndani pekee, kwa sababu mlinzi yuko chini kwenye ngazi na huwa na saa nyingi za usiku ambazo mtu angeweza kuongea. Ndiyo pia simu pekee ambayo ina mtu macho saa nane za usiku. Ijaribiwe usiku, polisi wakiwa wamearifiwa kabla: je, inampata ofisa wa usalama kwenye simu yake ya mkononi, hata kama nambari yake inaanza na 011? Inampata dereva kwenye simu ya setilaiti? 999 na 112 zinapita bila tarakimu ya kutangulia? Ikishindwa moja kati ya hizo, irekebishwe usiku huohuo, kabla ya fundi kupanda gari.